Tochi ya zambarau na dagaa wa Mwaloni: plastiki kwenye samaki hupimwaje?

Swali: Shikamoo Daktari. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nanunua kwa wavuvi, naanika mwenyewe, kisha mzigo unakwenda Dar na Congo. Mteja wangu wa Lubumbashi amenitumia video ya kijana anayemulika dagaa kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Vidoti vinang'aa, na yeye anasema vyote ni plastiki. Sasa mteja anataka cheti kwamba dagaa wangu hawana plastiki. Je, tochi ile inasema kweli? Nikitaka kupima sawasawa, maabara wanafanya nini, na majibu yao niyasomeje?

Jibu: Marahaba, dada. Tochi ile haipimi plastiki. Cheti cha "hawana plastiki" maabara inayojiheshimu haitakupa, na inayokupa uiogope. Ila kipimo chenyewe kipo, na ukikipanga vizuri kitakueleza jambo ambalo cheti hakiwezi: kama kuna plastiki, imetoka ziwani au imetoka kwenye kichanja chako.

Tuanze na tochi, maana ndiyo iliyokuletea balaa. Mwanga ule ndio unaotumika kukagua noti bandia, na vitu vinavyong'aa chini yake ni chungu nzima: mifupa ya samaki, karatasi nyeupe, vumbi la nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya unga, kwa kuwa sabuni nyingi hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe. Polithini (plastiki ya mifuko) safi isiyotiwa kitu, kwa upande wake, karibu haing'ai kabisa. Tochi ya kijana yule inaweza kumkamata mwiba na kuuachia mfuko. Nadhani wazo amelitoa maabara, ambako kuna rangi iitwayo Nile Red inayoganda kwenye plastiki na kung'aa chini ya mwanga wa buluu. Rangi hiyo inasaidia kupunguza kazi ya kutafuta, lakini huganda pia kwenye mafuta, na dagaa ana mafuta. Ndiyo maana hata huko chembe iliyong'aa huitwa inayoshukiwa tu, hadi ipite kwenye kipimo kingine.

Ugumu wa kazi hii unatokana na ukubwa wa vitu vyenyewe. Wanasayansi huita maikroplastiki vipande vyote vilivyo chini ya milimita 5. Jina hilo lilienea baada ya makala ya Richard Thompson na wenzake wa Plymouth, Uingereza, mwaka 2004. Mpaka wa chini kwa kawaida huwekwa kwenye mikroni 1, yaani moja ya elfu ya milimita. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa safu hiyo ni tofauti ya mara 5,000, na hakuna chombo kimoja kinachoona yote. Kila maabara huona kipande cha safu kulingana na wavu wake, kichujio chake na mashine yake.

Hili lina matokeo makubwa kuliko linavyoonekana. Chukua mchemraba wa plastiki wa milimita 1 kila upande. Ukiukata vipande vya moja ya kumi ya milimita, unapata vipande 1,000. Ukikata tena kila kimoja kwa namna hiyo, ni 1,000,000, na uzito ni uleule. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimekuta chembe 300 kwa kilo" bila kusema alianza kuhesabu kuanzia ukubwa gani, hujaambiwa kitu. Maabara yenye mashine nzuri zaidi itapata chembe nyingi zaidi kwa samaki walewale, na muuzaji atakayeonekana mchafu ni yule aliyepimwa vizuri! Hata takwimu za maji ya ziwa zisomwe hivyohivyo. Upande wa Uganda, utafiti uliotoka mwaka 2020 ulikuta kati ya chembe 0.02 na 2.19 kwa kila mita ya ujazo ya maji ya juu ya Ziwa Victoria, nyingi zikiwa polithini na polipropilini, ile ya viroba. Lakini nyavu za kukokota za kazi hiyo kwa kawaida huwa na matundu ya karibu theluthi moja ya milimita. Kilicho kidogo kuliko hapo kimepita, na hakuna aliyekihesabu.

Sasa twende maabara. Kwa sangara au sato, mtaalamu hupasua tumbo na kuchukua utumbo peke yake. Dagaa huliwa mzima, kwa hiyo hupimwa mzima. (Kama wateja wako hunyofoa vichwa na utumbo kabla ya kupika, waambie maabara, kwani kinachopaswa kupimwa ni kile kinachoingia kinywani.) Dagaa huwekwa kwenye chupa ya kioo, humiminiwa potasiamu hidroksidi ya asilimia 10, kisha huachwa kwenye joto la nyuzi 40 kwa siku moja au mbili hadi nyama iyeyuke. Joto la 60 huharakisha, ila polista, plastiki ya nguo, inaweza kuanza kuumia. Wapo wanaotumia asidi ya nitriki kwa sababu inasafisha haraka. Kwa mzigo wako nakataza kabisa: asidi hiyo huyeyusha nailoni, na nailoni ndiyo ya nyavu. Ungeifuta kabisa ile plastiki ambayo tuna kila sababu ya kuishuku.

Kinachobaki chupani ni mchanga, magamba, miiba ambayo haikuisha, na plastiki kama ipo. Kuvitenganisha hutumika maji ya chumvi. Maji yaliyoshiba chumvi ya mezani yana densiti (uzito kwa ujazo, maji matupu yakiwa 1) ya karibu 1.2. Polithini na polipropilini, ambazo ziko chini ya 1, huelea bila shida. Nailoni, karibu 1.14, huelea pia. Lakini plastiki ya chupa za maji, PET, ambayo ndiyo hiyohiyo polista ya mashati yetu, ni karibu 1.38, nayo huzama pamoja na mchanga, sawa na PVC ya mabomba. Maabara ikitumia chumvi ya mezani pekee kisha ikaripoti kwamba polista haikuonekana, ni kwa sababu imeiacha chini ya chupa. Wanaotaka kuiinua hutumia zinki kloridi au sodiamu iodidi, zinazoweza kufika 1.6 na zaidi. Ya kwanza ni sumu kwa viumbe wa majini na haimwagwi ovyo, ya pili ni ghali. Na chumvi yenyewe ya mezani huwa na chembe za plastiki ndani yake, kwa hiyo ni lazima ichujwe kabla ya kutumika.

Majimaji ya juu hupitishwa kwenye kichujio, kichujio huwekwa chini ya hadubini, na hapo ripoti nyingi huharibikia. Mtu anatazama, anaona uzi wa buluu, anaandika "plastiki". Ukweli ni kwamba macho hayajui. Mwaka 2020 Giuseppe Suaria na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyuzi zilizochotwa katika mabonde sita ya bahari duniani. Nyuzi ambazo kwa sura zingehesabiwa kuwa plastiki zilipopimwa, asilimia 8.2 tu ndizo zilizokuwa za plastiki. Karibu asilimia 80 zilikuwa za mimea, pamba na jamii yake, na zilizosalia za wanyama, kama sufu. Nyuzi za pamba zilizotiwa rangi! Tangu hapo, ripoti yoyote ya nyuzi iliyoishia kwenye hadubini naisoma kwa mashaka.

Kinachothibitisha ni kipimo cha kemia. Kinachotumika zaidi ni cha miale ya infraredi: kila aina ya plastiki hufyonza miale hiyo kwa namna yake, mashine huchora mchoro, na mchoro hulinganishwa na maktaba ya michoro inayojulikana. Mashine ya kawaida hushughulikia kipande unachoweza kukishika kwa kibano, tuseme nusu milimita na zaidi. Ile iliyounganishwa na hadubini hushuka hadi mikroni 10 au 20. Chini ya hapo kuna kipimo cha Raman kinachotumia leza na kufika karibu mikroni 1, ingawa ni cha polepole na rangi za viwandani humsumbua mpimaji. Njia ya tatu ni tofauti kabisa: sampuli huunguzwa bila hewa, na gesi zake huchambuliwa ili kupata uzito wa kila aina ya plastiki badala ya idadi ya chembe. Naipenda kwa sababu uzito haudanganyi kama idadi. Ila kwa dagaa ina mtego mbaya: mafuta yakiunguzwa hutoa baadhi ya kemikali zilezile zinazotolewa na polithini. Mafuta yasipoondolewa kikamilifu kwanza, dagaa mnono ataonekana amejaa mifuko.

Jambo ambalo mimi hulitazama kabla ya namba yoyote ni uchafu wa maabara yenyewe. Kupima nyuzi za plastiki ukiwa umevaa polista ni kutafuta harufu ya moshi huku umeshika sigara. Maabara makini huvaa pamba, huchuja kila kimiminika, hufunika kila chombo kwa karatasi ya alumini. Na bado haiamini. Kila siku ya kazi huandaa chupa isiyo na samaki, ikaipitisha kwenye hatua zote kama zile nyingine. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Kama dagaa wako wana nyuzi 6 na chupa tupu ina nyuzi 5, wewe huna nyuzi 6, na hata kusema una 1 ni ujasiri. Glavu nazo zimo: mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba glavu za maabara huacha mabaki ya sabuni ya stearati ambayo mchoro wake hufanana mno na wa polithini. Upande wa pili wa sarafu ni chembe zinazopotea njiani. Hupimwa kwa kutia idadi inayojulikana ya vipande vya rangi kwenye samaki wa majaribio na kuangalia vingapi vinarudi. Wakirudisha 42 kati ya 50 ni sawa. Wasipojua wanarudisha vingapi, basi.

Mfano mzuri uko hapohapo kwenu. Florence Biginagwa na wenzake walinunua sangara 20 na sato 20 kwenye soko la bandarini Mwanza wakapima utumbo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuwa ya kwanza kwa Maziwa Makuu ya Afrika. Kwa macho, vitu vilivyoshukiwa kuwa plastiki vilionekana kwa sangara 11 na sato 7, yaani asilimia 55 na 35. Kipimo cha infraredi kiliithibitisha plastiki kwa asilimia 20 ya kila aina. Angalia pengo hilo. Haina maana kwamba vilivyobaki vyote havikuwa plastiki, kwani vingine vinaweza kuwa vidogo mno kwa mashine. Maana yake ni kwamba waandishi waliripoti namba zote mbili bila kuficha, na ndivyo inavyotakiwa. Halafu kuna hesabu ambayo magazeti huwa hayaifanyi: samaki 4 kati ya 20 ni asilimia 20, lakini kwa sampuli ndogo kiasi hicho, hali halisi ya samaki wote sokoni yaweza kuwa popote kati ya asilimia 6 na 44 hivi.

Na hapo ndipo cheti chako kinapofia. Tuseme tumepima dagaa 20 mmojammoja na hakuna hata mmoja aliyekutwa na plastiki. Kitakwimu bado inawezekana kwamba mmoja katika kila saba anayo. Tukipima 100 bila kukuta, bado inawezekana kwa watatu katika mia. Sifuri ya maabara daima ni "hatukuona, kuanzia ukubwa huu, kwa idadi hii", na haitageuka kuwa "hakuna".

Dagaa wana jambo lao ambalo sangara hana. Wanaanikwa. Mzigo wako unapita kwenye wavu wa kuvulia, ndoo, kichanja kilichotandikwa wavu mkuukuu au mchanga wa mwalo, kisha viroba. Kiroba ni polipropilini iliyofumwa, na jua la miezi michache hukifanya kiachie unyuzi kila ukikigusa. Hilo unaliona wewe kila siku bila hadubini. Mwaka 2017 kundi la Ali Karami lilichunguza samaki wakavu wa Malaysia likakuta chembe hata kwenye nyama, na kwa baadhi ya aina za samaki zilikuwa nyingi nyamani kuliko kwenye viungo vya ndani. Huwezi kulieleza hilo kwa tumbo la samaki peke yake.

Kwa hiyo kipimo ningekipanga hivi. Chukua mzigo mmoja, wa mvuvi mmoja, usiku mmoja. Toa sampuli ya kwanza asubuhi dagaa wakiwa wabichi, kabla hawajagusa kichanja. Ya pili wakishakauka, kabla ya kuingia kirobani. Ya tatu baada ya kukaa ghalani kwa muda unaowakalisha kawaida. Nusu ya kila sampuli ioshwe maabara kwa maji yaliyochujwa, na maji ya kuoshea yapimwe yenyewe. Kilicho tumboni hakiondoki kwa kuosha, kilichodondokea nje kinaondoka. Na pamoja na dagaa, peleka kipande cha kila plastiki wanayokutana nayo: uzi wa wavu wa mvuvi, wa kichanja, wa kiroba, hata wa kamba. Michoro yake ikiwekwa kwenye maktaba ya mashine, chembe inayolingana na kiroba chako itajulikana kwa aina na rangi. Nisingeshangaa hata kidogo kama sampuli ya tatu itaishinda ya kwanza kwa mbali. Ikiwa hivyo ni habari njema, maana ziwa huwezi kulibadilisha wewe, kiroba unaweza.

Pwani tatizo limekaa tofauti, nalitaja kwa ajili ya wauzaji wa huko. Bahati Mayoma na wenzake walipima mchanga wa fukwe na kombe kwenye mwambao wa Tanzania, na eneo lililoongoza kwa chembe mchangani lilikuwa hori la Mtoni Kijichi, Dar es Salaam. Kombe huchuja maji siku nzima na huliwa na utumbo wake, kwa hiyo pale chanzo ni maji na taka za mji.

Afya hukuiuliza, lakini mteja wako ndiyo inayomsumbua. Huenda amesikia kwamba tunakula plastiki ya uzito wa kadi ya benki kila wiki, gramu 5. Makadirio hayo ya mwaka 2019 yamekosolewa vikali. Kundi la Nur Hazimah Mohamed Nor na Albert Koelmans, mwaka 2021, lilikadiria mtu mzima wa kati hupata kwa chakula na hewa waliyoikokotoa takriban mikrogramu 4 kwa wiki. Kutoka hapo hadi gramu 5 ni zaidi ya mara milioni moja! Pengo la namna hiyo ndilo linalokuonyesha vipimo bado ni vichanga. Na watafiti wa Edinburgh mwaka 2018 walilinganisha kome wa Uingereza na vumbi la nyumbani: mlaji angepata chembe kama 123 kwa mwaka kutoka kwa kome, na nyuzi zisizopungua 13,000 zinazodondokea sahanini wakati wa kula. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, lilisema ushahidi uliopo hautoshi kukadiria madhara kwa mwanadamu. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, haijaweka kiwango cha juu cha chembe za plastiki kwa samaki. Bila kiwango, hakuna maabara inayoweza kuandika "amefaulu" au "ameshindwa".

Ripoti ikija, usikimbilie jumla. Tafuta kwanza ukubwa mdogo kabisa waliouhesabu, kisha chupa tupu zilikuwa ngapi na zilitoa nini, kisha ni sehemu gani ya chembe zilizoshukiwa ilipita kwenye infraredi au Raman. Kama walipima 10 kati ya 200 wakaita zote plastiki, uliza hizo 10 walizichaguaje. Angalia pia kipimo: chembe kwa dagaa mmoja, kwa gramu ya mbichi au kwa gramu ya mkavu. Dagaa akikauka hupoteza maji mengi, hivyo namba kwa gramu hupanda bila plastiki hata moja kuongezeka, na kulinganisha mbichi na mkavu bila kusawazisha ni kujidanganya. Mwaka 2023 ulitoka mwongozo wa kimataifa, ISO 24187, unaoeleza misingi ya uchunguzi huu. Waulize kama wanaufuata. Anzia kwa watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Mwanza au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na swali la kwanza liwe kama mashine yao ya infraredi ina hadubini. Jibu hilo ndilo litakalokuambia watahesabu kuanzia wapi, na litagusa bei pia.

Mteja wa Lubumbashi mwandikie hivi: "Dagaa wangu wamepimwa na maabara fulani, kuanzia mikroni kadhaa, kwa idadi hii, wamekutwa na hiki, na nimebadilisha hiki kwenye uanikaji." Mnunuzi mwenye akili atalithamini hilo kuliko muhuri.

Wakati wa kuchukua sampuli, usitumie mfuko wala ndoo ya plastiki. Chupa za kioo zenye kifuniko cha chuma, zilizosuuzwa mara tatu, zitatosha. Weka karatasi ya alumini chini ya kifuniko, kwani vingi vina mpira wa plastiki kwa ndani. Dagaa wabichi wagandishwe siku hiyohiyo. Vaa kitenge cha pamba wala si koti la michezo, na acha chupa moja tupu ikae wazi kando yako muda wote unaofanya kazi, kisha uifunge na kuipeleka pamoja na nyingine. Iandike "hewa ya mwaloni".